Simu haitoshi kufuatilia waliotangamana na wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayoambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, ulipotangazwa mkoani Kagera Machi 2023, wagonjwa waliorekodiwa hadi mwisho walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki, ilhali watu waliotangamana nao, ambao kila mmoja alipaswa kuangaliwa kwa siku 21, walizidi 200.

Siku hizi tunasikia kwamba programu za simu zitaifanya kazi hiyo. Naziunga mkono, kwa kuwa daftari hulowa mvua na taarifa huchelewa kufika wilayani. Hata hivyo, programu zinazotumia Bluetooth kutambua simu zilizokaribiana humhitaji kila mtu awe na simu janja yenye chaji, na bibi aliyemwosha marehemu kijijini huenda hana hata simu ya tochi. Huyo atapatikana tu kwa mhudumu wa afya anayebisha hodi, akakaa kwenye mkeka, akatoa pole kwanza, ndipo akauliza ni nani walioshika maiti.

Pia kuna suala la kuaminiana. Singapore ilianzisha programu yake ya TraceTogether, ya kufuatilia waliotangamana na wagonjwa wa UVIKO-19, mwaka 2020, lakini Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi wangeweza kuzitumia taarifa zake katika upelelezi, jambo lililowaudhi wengi. Naiomba Wizara ya Afya ieleze waziwazi nani ataziona taarifa zetu na zitafutwa lini, na wahudumu wa jamii walipwe posho zao kwa wakati.

Msomaji wako,
Bukoba