Marefa watuambie wanaichezesha raki kwa sheria ipi

Kwa Mhariri,

Nimesoma kurasa zenu za michezo kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mara moja, lakini ripoti yenu ya wiki iliyopita, iliyodai kwamba timu iliyoshindwa ilijiponza yenyewe kwa utovu wa nidhamu kwenye raki, yaani pale wachezaji wa raga wanaposukumana juu ya mpira ulio chini, siwezi kuinyamazia. Mwandishi wenu alihesabu penalti akaishia hapo. Hakuuliza zilitolewa kwa kosa gani, wala kama kosa hilohilo liliadhibiwa lilipofanywa na upande wa pili.

Sheria za raga kuhusu raki hazina fumbo. Raki huundwa pale angalau mchezaji mmoja wa kila timu wanapogusana juu ya mpira ulio chini, wote wakiwa wamesimama kwa miguu yao. Anayejiunga sharti atokee nyuma ya mguu wa mwisho wa mwenzake, ajishikize kwa mkono mzima, na mabega yake yasishuke chini ya nyonga. Aliyetia mikono mpirani kabla ya raki kuundwa anaruhusiwa kuendelea kuung'ang'ania maadamu amesimama. Masharti ya kusimama na kutokea nyuma yanawahusu wenye mpira sawasawa na wapinzani wao, ila katika viwanja vyetu yanasomwa kana kwamba yaliandikwa kwa ajili ya wanaolinda peke yao.

Mwezi uliopita, katika mechi ya vijana ninaowafunza, flanka wetu wa jezi nambari 7, ambaye kazi yake ni kuwania mpira ulio chini, alifika kwenye mkabo, yaani pale mpinzani mwenye mpira alipoangushwa, kabla ya mwenzake yeyote, akapitia nyuma, akasimama imara, akainama na kuushika mpira. Aliyekabwa hakuuachia, ilhali sheria inamtaka auachie papo hapo. Wenzake wawili wakaja mbio: mmoja akajitupa kifudifudi juu ya mpira, mwingine akamkamata kijana wetu shingoni, akamzungusha na kumwangukia miguuni. Filimbi ikalia, nami nikashusha pumzi, kisha nikaona mkono wa refa umeinuliwa kuelekea upande wao, eti flanka wetu hakuwa amejitegemea kwa miguu yake. Mtu aliyeangushwa kwa kuvutwa shingo atajitegemeaje? Kipindi cha pili flanka wao aliinama vivyo hivyo, viwiko vyote viwili vikiwa vimeegemea nyasi, naye akapewa penalti iliyowaletea pointi 3 za ushindi. Nahodha wetu alipomwendea refa kwa adabu kutaka kujua tofauti ya matukio hayo mawili, aliambiwa arudi acheze. Jioni hiyo flanka wetu hakuweza kugeuza shingo. Kumshika mchezaji shingoni kwenye raki ni marufuku, na mbinu ya kumzungusha na kumwangukia miguuni nayo iliharamishwa na World Rugby, shirikisho la raga duniani, mwaka 2024 kwa sababu ya majeraha. Kijana alitendewa yote mawili mbele ya refa, akaadhibiwa yeye!

Naijua hoja ya marefa kwamba kila raki ina makosa mengi na kwamba wakiyapulizia yote hakutakuwa na mchezo. Naikubali. Lakini refa akishachagua makosa atakayoyaangalia, uchaguzi huo ujulikane, na usibadilike kabla ya dakika ya 80, mechi inapoisha. Februari 2017, pale Twickenham, uwanja wa Uingereza, Italia ilikataa kuingia kwenye raki, hivyo mstari wa kuotea, ambao mlinzi hatakiwi kusimama mbele yake, haukuwepo na wachezaji wake wakasimama kihalali katikati ya mabeki wa Uingereza. James Haskell, mchezaji wa Uingereza, alipomuuliza refa Romain Poite wafanyeje, alijibiwa kwamba yeye ni refa, si kocha. Poite alikuwa sahihi, kwa sababu aliisimamia sheria kama ilivyoandikwa. Kabla ya mwaka huo kuisha, wakuu wa mchezo waliibadilisha ili mchezaji mmoja aliyesimama juu ya mpira atoshe kuleta mstari huo. Sheria inayokera hubadilishwa hivyo, kwa maandishi, wala si kwa hiari ya kila aliyeshika filimbi.

Na hao wasaidizi wa pembeni ndio wanaoniudhi zaidi. Katika mechi zetu za chini mara nyingi bendera hupewa mchezaji wa akiba wa timu mwenyeji, ambaye macho yake hufuata mpira, huku walinzi wakisogea mbele ya mguu wa mwisho wa raki hatua kwa hatua. Nani atamwambia refa aliyeinamia rundo la watu kwamba wameotea?

Pendekezo langu ni hili. Nusu saa kabla ya mechi, refa awaite manahodha na wachezaji wa jezi nambari 7 na 9 (huyu wa 9 ndiye anayeutoa mpira kwenye raki) wa timu zote mbili, aweke mpira chini, awapange vijana wanne waigize raki, kisha aonyeshe ni lini atapuliza dhidi ya mlinzi na ni lini dhidi ya anayejitupa juu ya mpira. Ayaandike hayo kwenye kadi, manahodha watie sahihi, na kadi ikae kwa msimamizi wa mechi. Nanyi, Mhariri, mkichapisha idadi ya penalti za raki, chapisheni pia ni za kosa gani na zilikwenda upande upi.

Mkufunzi wa raga ya vijana,
Nakuru