Malalamiko Kuhusu Kipakatalishi Nilicholeta Kutengenezewa Menyu ya Kuwashia

Umoja, Nairobi
16 Septemba 2024

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu, Nairobi.

Bwana au Bibi Meneja,

MINTARAFU: KUFUTWA KWA UBUNTU NA KAZI YANGU KATIKA TAWI LENU LA MOI AVENUE

Sina haja ya kukukumbusha yaliyomo katika fomu yenu ya kupokea vifaa, kwa kuwa ni nyinyi mlioichapisha. Kisanduku kinachosema kwamba data ya mteja isiguswe bila idhini yake ya maandishi nilikitia alama mwenyewe, mhudumu wenu akatia sahihi na mhuri, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa kwamba tatizo ni menyu ya kuwashia peke yake, ile ya kuchagua mfumo endeshi, na kwamba mifumo yangu yote miwili, Windows na Ubuntu (ya jamii ya Linux), ibaki ilivyo. Nakala imeambatishwa. Naomba uisome kabla ya kuendelea, kwa maana yote yaliyofuata yalitendwa kana kwamba karatasi hiyo ilikuwa ya kufungia maandazi.

Nilipokwenda kukichukua kipakatalishi changu, fundi wenu alikiwasha mbele yangu kwenye kaunta na Windows ikafunguka moja kwa moja. Nikamwuliza menyu iko wapi. Akanijibu akitabasamu, "Mama, menyu tumeshaitengeneza. Sasa hakuna cha kuchagua." Nikamwuliza Ubuntu iko wapi. Akasema hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta shida, kwa hivyo ameiondoa na nafasi yake ameipa Windows, nami nishukuru kwa kuwa sasa nina nafasi zaidi. Nishukuru!

Shida haikuletwa na Ubuntu, na fundi wa kampuni inayojitangaza kwa kiwango chenu hana udhuru wa kutolijua jambo hilo. Sasisho la Windows lililotolewa na Microsoft tarehe 13 Agosti 2024 liliandika ndani ya mashine masharti mapya yaitwayo SBAT, yanayozuia matoleo ya zamani ya programu za kuwashia Linux, ili kuziba pengo la usalama, lenye nambari CVE-2022-2601, katika GRUB, programu inayoonyesha menyu hiyo ya kuwashia. Microsoft ilikuwa imesema kwamba masharti hayo hayangewekwa kwenye mashine zenye mifumo endeshi miwili. Yaliwekwa hata hivyo, kwa kuwa baadhi ya mashine hizo hazikutambuliwa, na kampuni hiyo ikakiri mwezi huohuo. Ndiyo maana, badala ya menyu, kipakatalishi changu kilitoa maandishi ya kusema kwamba ukaguzi wa SBAT umeshindwa na kwamba kuna jambo limeharibika vibaya sana, kisha kikajizima. Windows ilifunguka vizuri nilipoichagua kupitia menyu ya mashine yenyewe. Hadi hapo hakuna faili hata moja iliyokuwa imepotea.

Dawa yake ilikwisha kutangazwa na Microsoft hiyohiyo: unazima Secure Boot, kinga inayokubali programu za kuwashia zilizoidhinishwa tu, katika mipangilio ya mashine, unawasha Ubuntu, unaandika amri ya mokutil ya kufuta masharti ya SBAT, unazima na kuwasha tena, kisha unairudisha kinga. Haya nilimweleza mhudumu aliyenipokea. Kwa kuwa nilijua kwamba kuzima Secure Boot kungeweza kuifanya BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski kwa msimbo, idai ufunguo wa kurejesha, niliuleta ufunguo huo wenye tarakimu 48 ukiwa umechapishwa, naye akaubana pamoja na fomu. Ningeifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani lau si nenosiri ambalo nyinyi ndio mliliweka kwenye mipangilio ya mashine mliponiuzia, na ambalo kwa masharti ya dhamana yenu hufunguliwa tawini tu. Kwa maneno mengine, nililazimika kuja kwenu.

Kabla ya hiyo siku ya kaunta kulikuwa na simu, na naomba isisahauliwe katika maelezo mtakayopewa na tawi. Fundi alinipigia nikiwa ndani ya matatu, muziki umefunguliwa hadi mwisho, akasema mashine inadai ufunguo na kwamba njia ya haraka ni kuifomati. Nikamwambia ufunguo umebanwa kwenye fomu aliyo nayo, na asifomati chochote. Nililazimika kuyasema hayo kwa sauti iliyowafanya abiria wenzangu wageuke. Akajibu, "Sawa, mama." Sijui ni sehemu gani ya mazungumzo hayo ambayo tawi lenu linaiita idhini.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu bado sijaeleza jinsi ilivyokuwa hasa. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nilipouliza ziliko kurasa za kitabu nilichokuwa nikikimalizia, fundi wenu alikiinua kipakatalishi changu, akakigeuza kioo kiwaelekee watu waliokuwa kwenye foleni, akawauliza kama kuna anayeona shida yoyote. Baadhi yao wakacheka. Kisha akanigeukia na kuyarudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu ili na wao wayasikie, kwamba menyu imetengenezwa na sasa hakuna cha kuchagua. Nikamwonyesha fomu. Hakuisoma; aliisukuma chini ya kibodi, akaninyooshea kidole kwenye nambari ya kulipia iliyobandikwa ukutani, akasema nilipe shilingi 4,500 kwanza ndipo nipewe mashine, na kabla sijamaliza kubonyeza simu akawa amemwita mteja anayefuata. Nililipa kwa M-Pesa, kwa kuwa sikuwa tayari kuiacha mashine yangu mikononi mwake hata dakika moja zaidi. Jioni hiyo mkanitumia ujumbe kwamba huduma imekamilika na kwamba mngefurahi nikiwapa nyota.

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu vya shule. Vitabu vilivyokwisha kwenda kwa mchapishaji vina nakala kwingine. Kilichofutwa ni kitabu cha hesabu kilichokuwa mikononi, pamoja na michoro yake, na mikataba ya waandishi yenye nambari zao za vitambulisho na za kodi. Msimamizi wa tawi, nilipompigia, alinishauri nipakue programu ya bure ya kurejesha faili nikajaribu nyumbani. Diski ya mashine hii ni SSD, yaani ya chipu za kumbukumbu. Windows inapofomati diski ya aina hiyo huiarifu kwamba nafasi ile haihitajiki tena, na diski huanza kuisafisha yenyewe, kwa hivyo kila inapowashwa ndivyo tumaini linavyopungua. Mtu anayeuza diski hizo kila siku hapaswi kufundishwa hili na mteja. Sijakiwasha kipakatalishi tangu nilipotoka kwenu. Msimamizi huyo pia aliniahidi punguzo la asilimia 10 nikinunua kingine. Tafadhali mwarifuni kwamba sitanunua.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai kurudishiwa shilingi 4,500 na kuombwa radhi kwa maandishi na fundi pamoja na msimamizi wake. Nikiyasoma niliyoyaandika, naona hayo hayatoshi. Nadai vilevile kwamba diski ipelekwe kwa mtaalamu wa kurejesha data nitakayemchagua mimi, kwa gharama yenu, na kile kitakachoshindikana mnilipe kwa kiwango anacholipa mchapishaji kwa kila ukurasa. Nadai nenosiri la mipangilio ya mashine, ambayo ni mali yangu, nikabidhiwe. Kuhusu mikataba ya waandishi, nimekwisha kuwaarifu wenyewe, na wako huru kuandika barua zao.

Haki ya mtumiaji kupata huduma ya ubora unaofaa na kufidiwa hasara imo katika kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya, na mawakili wenu wanaijua vizuri kuliko mimi. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nami naweza kusimama mwenyewe bila wakili. Malalamiko ya pili yatakwenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya mwaka wa 2019, ambayo inataka malalamiko ya aina hiyo yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Barua zote mbili nimekwisha kuziandika. Zinasubiri tarehe tu.

Nangojea jibu lenye sahihi ya mtu mwenye mamlaka, si ujumbe wa simu, kufikia Ijumaa tarehe 27 Septemba 2024. Likikosekana, Jumatatu tarehe 30 asubuhi nitakuwa katika mahakama ya Milimani nikiwa na fomu yenu yenye mhuri.

Wako mwaminifu,

Mteja, tawi la Moi Avenue
(Nambari ya fomu imo katika nakala iliyoambatishwa)