Shukrani kwa dada wa chumba cha picha

Dada uliyempokea mama yetu kutoka Chumbageni, Tanga, macho yamekuwa manjano kama binzari, jina lako hatukulishika. Asante sana. Mama alikuwa anaogopa kumezeshwa mpira wenye kamera. Ukamwambia: "Bibi, kipimo hiki ni cha sumaku, hakina mpira wala mionzi. Nyongo ni majimaji, kwenye picha itang'aa nyeupe. Kijiwe kikiwemo, kitaonekana doa jeusi."

Ukamvua hereni na kipini, ukamziba masikio (ile mashine ina makelele jamani!), ukamfundisha kubana pumzi. Kijiwe kikaonekana kwenye mrija wa nyongo, kongosho salama. Mpira ulikuja baadaye, kwa kazi ya kukitoa tu. Mwenyezi Mungu akulipe kheri.