Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: tunaomba chumba, jiwe la msingi lisubiri

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Tandahimba. Msimu wa korosho unaelekea ukingoni, na halmashauri zote 9 za mkoa wetu ziko kwenye makisio ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai. Ndiyo maana nimeona niandike sasa kuomba chumba cha kutufundishia sisi wazazi wa watoto wenye ulemavu, kabla makabrasha hayajafika mezani kwako katika Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Yakishapita pale, mtu kama mimi huambiwa asubiri mwakani, na mwanangu hakui kwa kufuata mwaka wa fedha.

Ana miaka 7. Ana mtindio wa ubongo. Siku aliyozaliwa alichelewa kulia. Nesi alimsugua mgongo weee, mwishowe akatoa sauti ndogo kama ya paka. Nikashukuru, nikadhani yamekwisha. Miezi sita shingo haijakaza. Mwaka mzima hakai. Mama mkwe akasema nimevunja mwiko nikiwa na mimba. Baba yake akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na mpaka leo bado anayatafuta.

Sitakuchosha na habari za waganga. Niliweka rehani mikorosho kwa ajili yao, na kuikomboa kulinichukua misimu miwili.

Hospitali moja niliyofika baada ya waganga, daktari aliandika jina la ugonjwa kwenye karatasi, akasema, "Mama, mfanyishe mazoezi." Mazoezi gani? Foleni ilikuwa imefika mlangoni, nikaona haya kuuliza. Nyumbani nikawa namvuta miguu ili inyooke. Analia, navuta. Nikikumbuka hilo hata leo chakula hakipiti.

Aliyenifundisha nilimpata hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, mwanangu akiwa na miaka 4. Kutoka Mtwara mjini peke yake ni kilomita zisizopungua 550, na mimi natokea huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Nauli niliipata kwa kangomba: niliuza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ambayo nikiitaja utaniuliza nilikuwa na akili gani. Nilikuwa na akili za mama mwenye mtoto mgonjwa.

Yule dada alikaa na mimi kama dakika 40, akaniomba nimlishe mtoto mbele yake. Nikamlaza mapajani, kichwa nyuma, nikamnywesha uji kama tunavyowanywesha wote huku. Akanishika mkono. Kumbe uji ulikuwa unapita njia ya hewa. Mwanangu alikuwa ameshalazwa mara tatu kwa nimonia, na mimi nikilaumu baridi ya asubuhi! Akanionyesha kumkalisha wima, kidevu kikishuka kidogo, kijiko kidogo kidogo, nisubiri ameze. Akaniambia miguu iliyokaza haivutwi kwa nguvu. Kwanza unamkunja nyonga na magoti taratibu, misuli ilegee. Nisipokuwa na kiti, nichimbe shimo dogo kwenye mchanga, nimkalishe humo, mchanga umshike kiuno. Na vidonge vya kifafa nisivikatishe ghafla hata nikiona degedege limepotea, maana likirudi hurudi kwa hasira.

Tangu siku ile hajalazwa kwa kifua.

Fikiria, Mheshimiwa. Kijiko, mchanga, na mtu anayejua. Hakuna mashine hapo. Kilichonigharimu ni umbali, na umbali haukuniacha: tarehe yetu ya kurudi kliniki ilikuwa Mei 2024, mwezi wa kimbunga Hidaya. Mvua zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Kilwa, tarehe ikapita nikiwa na tiketi mkononi.

Ninachoomba ni vituo vya wazazi wa watoto wenye ulemavu. Nasema vya wazazi makusudi, kwa sababu neno "kituo" likitajwa, watu huwaza bweni, geti na mahali pa kumwacha mtoto. Sitaki kumwacha wangu popote. Mtaalamu hata akijitahidi atamwona dakika 40 kwa mwezi, saa zote zilizobaki mtoto yuko mgongoni kwangu. Basi nifundisheni mimi.

Wala hatuhitaji jengo jipya. Majengo tunayo, mengine yana makufuli yaliyoota kutu. Tunaomba chumba kimoja kwenye kituo cha afya, siku moja ya juma, chenye mikeka na maji. Niliwahi kufikiria maghala ya AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, maana msimu ukiisha hukaa matupu, ila vumbi la salfa, ile dawa ya mikorosho, na kifua cha mtoto haviendani; labda ofisi zao. Mtaalamu wa utengamao, yaani wa mazoezi ya viungo kama yule dada, atoke hospitali ya Ligula kwa zamu, leo Newala, juma lijalo kwetu, kisha Masasi na Nanyumbu. Afisa ustawi wa jamii aje na daftari la majina. Na aje fundi seremala. Wamakonde tumechonga mpingo mpaka wazungu wakapanda ndege kuja kununua, kiti cha kona, kile cha kumshika mtoto asianguke, cha mbao za mwembe kitatushinda?

Tayari tunakutana wanawake watano chini ya mwembe siku za gulio. Mmoja ana mtoto mwenye kichwa kikubwa. Alichelewa kumpeleka hospitali kwa sababu kila aliyemuuliza alimwambia kichwa kitapungua mtoto akikua. Sasa yeye ndiye anayewakimbiza wenzake wenye watoto wachanga: ukiona kichwa kinakua haraka na macho yanatazama chini, usingoje, nenda, Muhimbili wanapasua. Mama mmoja kama huyo akikaa kwenye chumba chenye daftari anaokoa watoto ambao leo hatuwajui. Mwingine mwanawe ana usonji, hasemi, na akiona upenyo anakimbilia barabarani kwenye bodaboda. Siku za kuokota korosho humfunga kamba mguuni, ncha nyingine kwenye nguzo ya jiko. Wapita njia humsema vibaya. Mimi simsemi, maana nimeshaona gari lililomkosa yule mtoto. Angekuwa na mahali pa kumkalisha asubuhi moja, sisi wengine tukimwangalia, kamba ingebaki kuwa ya mbuzi.

Kuhusu fedha, sijasomea uhasibu, lakini nauza korosho. Najua kila kilo inayopita mnadani huacha ushuru halmashauri, asilimia 3. Najua pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mwanangu hawezi kukopa cherehani. Mimi ningeweza, na ningeshona huku namwangalia, lakini dirishani niliambiwa mwenye ulemavu ni mtoto, siyo mimi, kana kwamba kuna siku huyu mtoto alikwenda mahali bila miguu yangu. Naomba vikundi vya walezi wa watoto hawa vihesabiwe kwenye zile 2.

Na ile Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilitaka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji. Kijijini kwangu sijasikia ikiitwa kikao. Kamati ikiwa hai, ndiyo ingejua nyumba ipi ina mtoto ambaye hajaonekana nje tangu azaliwe. Zipo. Sisi wanawake tunazijua kwa nguo zinazoanikwa.

Halmashauri zote 9 kwa mpigo ni nyingi, naelewa. Anzeni na mbili, mojawapo iwe Nanyumbu, ambako wenzetu wako mbali kuliko sisi, mpakani kabisa na Msumbiji. Mwaka ukiisha mtatazama daftari: watoto wangapi wameonwa, viti vingapi vimetengenezwa, wangapi wamelazwa kwa nimonia.

Ukija Tandahimba, njoo siku ya gulio, mapema, kabla jua halijawa kali. Tunakaa upande wa wauza mihogo. Msafara uache mbali kidogo, huyu wangu hushtuka kwa king'ora na akishtuka misuli hukaza siku nzima. Mkeka tutakutandikia.

Wako mtiifu,
Mama na mkulima wa korosho, Tandahimba