Mkataba wa madarasa yetu ubandikwe ubaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nieleze jambo linalotukera wazazi wa kata yetu, yaani madarasa ya shule yetu ya serikali kukodishwa kwa shule binafsi bila sisi kuonyeshwa mkataba. Ni huku Nyanda za Juu Kusini, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Mji siutaji, kwa kuwa mjukuu wangu bado anasoma hapo na walimu wake hawana kosa lolote. Wahusika wakisoma watajijua.

Shule yetu ya msingi ina uwanja mmoja wenye pande mbili, juu na bondeni. Miaka ya nyuma wanafunzi walipozidi iligawanywa, zikawa shule mbili na walimu wakuu wawili. Baadaye ikaamuliwa ziunganishwe tena, wote wakapandishwa juu, na madarasa sita ya bondeni yakatajwa kuwa hayana matumizi. Kabla hatujauliza hayana matumizi kwa nani, mafundi rangi wakawa wameshaingia. Yakapakwa njano na kijani, kikasimikwa kibao cha shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, na Januari ilipofika basi likaanza kushusha watoto wenye sweta za maruni. Uwanja ukakatwa katikati kwa uzio wa mabanzi.

Nianze na huo uzio, maana waliosaini mkataba sidhani kama walikwenda kuuona. Vyoo vizuri, vile vya kumwaga maji, vimebaki bondeni. Bomba nalo liko bondeni. Watoto wa juu wana matundu ya zamani tu, na nusu yake yana milango inayoshikiliwa kwa mkono ukiwa ndani. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nendeni pale saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, mtazame foleni ya wasichana inavyoishia. Mjukuu wangu yuko darasa la sita. Bibi yake ndiye aliyegundua kwamba hanywi uji shuleni, ingawa tumeulipia, ili asishikwe na haja katikati ya kipindi.

Kuhusu maji, watoto wamejitafutia njia yao. Kuna banzi moja limelegea karibu na bomba. Wa juu wanapitisha dumu, wenye sweta za maruni wanalijaza, linarudi. Mlinzi akiwaona anawafukuza, akigeuka wanarudi. Nimesimama pale nikacheka peke yangu, maana wale wadogo wameelewana bila kikao wala posho.

Darasani nako hali ni hiyo hiyo. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Darasa la mjukuu wangu wanapita 90, wengine wanaandikia mapajani. Ukichungulia dirishani unaona ng'ambo ya mabanzi madarasa tuliyoyajenga sisi, kila mtoto na kiti chake.

Nasema sisi, na nina maana yake. Mimi ni fundi mwashi. Manne kati ya hayo sita nimeyajenga wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002 hadi 2006 uliokuja baada ya ada ya shule za msingi kufutwa na watoto kujaa kila mahali. Serikali ilileta fedha za saruji, mabati na fundi. Mawe, mchanga na matofali vilikuwa vya wananchi. Kila kaya ilipangiwa matofali yake, tanuru likachomwa pale pale chini ya miti ya milingoti, na mawe ya msingi akina mama waliyabeba kichwani kutoka mtoni, asubuhi ya baridi ya Julai. Mtu akiniambia haya ni majengo ya halmashauri simbishii, kisheria ndivyo. Ila asiniambie kwamba wananchi hatuhusiki.

Na hapa ndipo penye hoja yangu, Mhariri. Wakati wa MMEM kamati ya shule ndiyo iliyokuwa na akaunti, ndiyo iliyoingia mkataba na fundi, na fedha zilizopokelewa na zilizotumika zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mkataba wangu ulibandikwa. Bei ya mfuko wa saruji ilibandikwa. Siku moja mama mmoja muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, alinisimamisha mbele ya wateja wake akaniuliza kwa nini misumari ya bati imenunuliwa mingi kiasi kile kwa madarasa mawili. Nikamweleza, hakuridhika. Ikabidi niende naye shuleni tukahesabu mabati, tukahesabu na mistari ya misumari, mpaka akatingisha kichwa akasema haya, endelea. Mama yule alikuwa ameishia darasa la nne. Alijua misumari mingapi imeingia kwenye paa la shule ya mwanawe.

Leo yamekodishwa madarasa sita na hakuna mzazi anayejua chochote. Kodi ya fremu ya duka pale stendi inajulikana hata kwa watoto, ya shule yetu hakuna anayeijua. Nimemuuliza mwalimu mkuu, akaniambia kwa heshima zote, "Mzee, mkataba uko halmashauri." Mtendaji wa kata akasema suala liko kwenye vikao. Mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ni jirani yangu, alisema aliitwa akasaini mahudhurio, mkataba wenyewe hakuonyeshwa. Kwenye mkutano wa mtaa nikasimama nikauliza mambo matatu: ni wa miaka mingapi, kodi ni shilingi ngapi, na inaingia akaunti gani. Diwani alikuwepo. Akajibu, "Mzee wangu, haya ni mambo ya kitaalamu, tuwaachie wataalamu." Makofi yakapigwa. Sikushangaa, maana waliopiga makofi nawajua, na lile basi nalo nilikuwa nalijua hata kabla halijabeba mwanafunzi hapa. Wakati wa kampeni lilikuwa likitoka kwenye shule nyingine ya mmiliki huyo huyo na kubeba watu kwenda mikutanoni, bure, na soda wakishuka.

Watu wanasema pia kwamba mmiliki na diwani wameoleana. Huku kwetu nani hana shemeji? Kuoleana si kosa, na basi ni mali ya mtu. Lakini diwani ni kiongozi wa umma chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, na utaratibu wa vikao vya halmashauri unamtaka mjumbe mwenye maslahi ayatangaze na atoke wakati jambo hilo linajadiliwa. Je, alitangaza? Alitoka? Muhtasari wa kikao utasema. Kama alitangaza na akatoka, nitakuwa wa kwanza kumpa mkono.

Nimesikia hoja za upande wa pili na sizidharau. Jengo likikaa bila mtu linaoza. Mvua za huku zinakula lipu, na popo wanahamia darini. Halmashauri nayo inabanwa ikusanye mapato ya ndani, na kodi ni mapato. Walimu wa ile shule ni vijana wetu, wengine wamesota mtaani miaka bila ajira, na watoto wa sweta za maruni nao ni wetu. Mzazi anayetaka mwanawe asome kwa Kiingereza ana haki, ingawa hata hilo halmashauri ingeweza kulifanya yenyewe, kwa sababu shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza zipo. Olympio ya Dar es Salaam ni ya serikali.

Lakini hebu tupige hesabu. Mwaka 2021 nchi ilikopa shilingi trilioni 1.3 Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya athari za UVIKO-19, na sehemu ya mkopo ule ikajenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile za watoto wanaokaa mbali na shule mama. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Kwa bei hiyo, madarasa sita ni milioni 120. Sasa, kata hii hii iliyosema ina madarasa ya ziada imetuitisha wazazi tuchangie mawe na mchanga tuanzishe boma la madarasa mawili upande wa juu, ili tukifika kwenye linta serikali itusaidie kupaua. Hii ni sawa na baba anayepangisha chumba cha watoto kwa mpangaji, halafu anapita kwa majirani akiomba tofali ajenge chumba cha watoto. Kodi ya namna gani itafidia hapo? Hatuwezi kujua, kwa sababu hatujaambiwa ni kiasi gani.

Na ikiwa ipo, iko wapi? Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na yote haifiki mkononi mwa mwalimu mkuu, nyingine inakatwa kwa ajili ya vitabu. Kodi ya madarasa sita, hata iwe ndogo, ingeonekana. Ingetengeneza milango ya vyoo. Ingevuta bomba juu. Malipo ya serikali siku hizi yanapitia namba ya malipo, hata ushuru wa gunia la viazi unapewa risiti ya mashine, kwa hiyo kumbukumbu lazima ziwepo. Mkulima anayeshusha viazi sokoni ana risiti mfukoni. Shule yenye madarasa sita ya kukodisha haina karatasi hata moja ya kumwonyesha mzazi.

Sidai kwamba shule ile ifungwe wala watoto wafukuzwe katikati ya mwaka. Nadai mkataba ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, kama wangu ulivyobandikwa. Vyoo na bomba virudi kutumika na wote kuanzia sasa, hilo halihitaji kikao, linahitaji nyundo ya kung'oa mabanzi manne, na nyundo ninayo. Kodi iingie akaunti ya shule. Na mkataba ukiisha, mwingine usisainiwe kabla ya wazazi kuitwa na kabla ya watoto wa juu kuhesabiwa darasa kwa darasa.

Wazazi kadhaa tumeshaandika barua ya kuomba nakala ya mkataba na muhtasari wa kikao, kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Tumeifikisha masijala ya halmashauri, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yetu tunayo. Kijana wa masijala aliisoma mara mbili, akanitazama, akauliza, "Babu, una uhakika?" Nikamwambia gonga. Sheria inawapa siku 30 kujibu, na zinakwisha kabla ya baraza la madiwani la robo hii kukaa. Kikao cha baraza ni cha wazi na wananchi tunaruhusiwa kuketi na kusikiliza. Tutakwenda, na mama wa ulanzi, ambaye sasa anatembea na mkongojo, ameomba awekewe nafasi kwenye bajaji.

Fundi mwashi mstaafu,
Nyanda za Juu Kusini
(Jina na anwani unavyo, Mhariri)