Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Ukoo: Mwaka wa Kwanza Bila Baba Mkubwa

Shangazi zetu, baba zetu wadogo, wakwe zetu, na nyie vijana mliojificha kule kwenye migomba mkidhani siwaoni: Bwana Yesu asifiwe. Karibuni nyumbani Machame, na poleni na safari. Najua basi za Desemba.

Taarifa hii kwa kawaida huanza na hesabu. Safari hii hesabu atazisoma Mweka Hazina, na mnamfahamu, hatawaonea huruma wenye madeni. Mimi nitatumia muda wangu mwingi kwa Baba Mkubwa, mlezi wa chama hiki tangu siku kilipoanzishwa, ambaye tumemzika mwaka huu hapa hapa kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa.

Msibani alisifiwa sana. Nilimsikia msemaji mmoja akimwita mpole, nikatazamana na binamu zangu. Kila aliyewahi kuja likizo kwake anajua aliamshwaje. Jua lilikuwa halijachomoza, yeye keshatoka zizini kukata majani ya ng'ombe, anapita anagonga dirisha kwa mpini wa panga. Hakupiga kelele. Aligonga mara moja, na ole wako agonge ya pili. Kwa hiyo tumkumbuke kama alivyokuwa: mkali, mchapakazi, mwenye maneno machache, na mtu aliyewapenda watoto wa wenzake kwa namna ambayo wengi wetu tuliielewa tukiwa na watoto wetu wenyewe.

Alizaliwa miaka michache baada ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kuandikishwa mwaka 1933, wakati kahawa ikiwa ndiyo habari ya mlima mzima. Baba yao alipofariki, yeye kama mzaliwa wa kwanza aliacha shule akashika jembe, na wadogo zake wakaendelea kusoma. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mwenge ulipopandishwa kileleni usiku wa Uhuru, Desemba 1961, wenzake walikuwa wakizungumzia kazi za mjini. Yeye alikuwa na ada za kulipa.

Daftari lake Katibu amelileta, lipo pale mezani, mtalishika baada ya chakula na mikono mkiwa mmenawa. Fungueni popote. Kushoto kaandika kilo za kahawa ya maganda alizopeleka chama cha msingi cha ushirika. Kulia, jina la mtoto na shule yake. Malipo ya awali yalikwenda kwa fulani, malipo ya pili kwa fulani, na pale malipo ya mwisho yalipochelewa ameandika "mbuzi", maana yake mbuzi aliuzwa. Matumizi yake mwenyewe nimeyatafuta sana. Nimepata betri za redio tu, na amezipigia mstari kama anayejikaripia.

Vijana wa leo mnaiona kahawa kama miti ya kupigia picha. Ilikuwa kazi. Ugonjwa wa chulebuni ulipoingia, punje zilioza zikiwa bado changa mtini, na dawa ilikuwa kupulizia tena na tena, bomba mgongoni, hadi shati zima likawa na rangi ya mrututu. Mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vya ushirika, wakulima wakabaki na mamlaka ya zao na malipo ya kusubiri. Ushirika ukarudi miaka ya 1980, na kabla watu hawajatulia, mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yakavunjika na bei ikaporomoka dunia nzima. Hapo ndipo majirani wengi walipong'oa. Baba Mkubwa naye alipunguza, tusidanganyane. Safu za upande wa barabara alizitoa akapanda mshare, ndizi za kupika, wa kuuza. Lakini huku juu, karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji ya mashamba, hakugusa shina hata moja. Alipogoa, akaweka samadi, akasubiri.

Na mfongo wenyewe ukiziba hakusubiri aitwe na mzee wa maji. Alikwenda na koleo lake. Zamu yake ya maji ikifika usiku, alitoka usiku, na hakuwahi kuiba zamu ya mtu, jambo ambalo hapa kijijini, kama tunavyojua, si la kila mmoja.

Sasa niseme la mabinti zake, kwa sababu maneno yamezunguka kwenye simu mwaka mzima. Mila yetu ilipeleka kihamba kwa watoto wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na Baba Mkubwa, mtu wa mila kweli kweli, aliisikia ikielezwa kwenye mkutano wa kijiji akarudi nyumbani akiwa kimya. Akiwa bado na nguvu zake aliwaita mabinti na kaka zao, akagawa shamba la mahindi kule tambarare, mabinti nao wakapata, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kihamba akasema kisigawanywe. Kikae kama nyumba ya wote, chini ya msimamizi. Karatasi ipo na sahihi zipo. Anayesema "mzee alikuwa amechoka, hakujua anachofanya" aje aseme hapa mbele, asiseme kwenye kundi la simu saa sita za usiku.

Kuna pendekezo la kujengea kaburi kwa marumaru, pamoja na uzio na picha. Kamati imelipokea. Msimamo wangu mnaujua: vigae vya kawaida vinatosha, fedha inayobaki inunue miche. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko Lyamungo, jirani kabisa, na tangu 2005 wametoa aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mti uliopandwa vizuri huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Mtu aliyejinyima hata betri za redio, mimi sioni namna ya kumheshimu kwa marumaru. Ila mtapiga kura, nami nitatekeleza.

Nina lawama moja. Alipolazwa, nilipiga simu za kuomba mchango wa matibabu, na nyingi hazikupokelewa. Msiba ulipotangazwa, fedha ilijaa ndani ya siku chache, pamoja na fulana zenye picha yake. Fulana nzuri, sikatai. Kamati inapendekeza tuwe na mfuko wa matibabu wa wazee, tofauti na wa misiba, na kila kaya ilipie bima ya afya ya mzee wake. Hilo nitalisimamia hadi mnichoke.

Mengine kwa kifupi. Mfuko wa elimu unaendelea, marejesho ni hafifu. Harusi zilikwenda salama. Marekebisho ya katiba hayakukamilika kwa sababu ya msiba. Rasimu mtaipata kwa Katibu.

Nafasi ya msimamizi wa kihamba itajazwa leo. Kamati imekubaliana kwamba binti anaweza kugombea sawa na kijana wa kiume, sharti liwe moja: awe anaishi hapa au afike angalau kila msimu wa kuchuma. Majina yapelekwe kwa Katibu kabla ya mtori kupakuliwa. Kura tutapiga baada ya kula, na ndafu, mbuzi wetu mzima wa kuchoma, haikatwi mpaka matokeo yatangazwe.