Shana Tova 5786: Naomba Amen Zenu

Ndugu, mashangazi, wajomba na marafiki wote, mlioko Nairobi, Mbale na kwingineko: Shana Tova u-Metuka, yaani mwaka mwema na mtamu, tunapoingia mwaka mpya wa Kiyahudi, 5786. Muandikwe na mtiwe muhuri katika kitabu cha uzima, nyinyi na watoto wenu.

Mwaka unaoisha umetubana. Asali imepanda bei, matofaa tunayatazama tu sokoni, na nyumba nyingi zitachovya kwenye asali ya sikukuu tofaa moja tu lililokatwa vipande vyembamba. Tumshukuru Mungu kwa hivyo vipande.

Kwangu utabaki kuwa mwaka wa Baba. Tulimzika mwezi wa Kislev wa kalenda yetu, na tangu hapo nasoma Kadishi, sala ya wafiwa, ambayo haisomwi bila watu kumi. Asubuhi moja ya mvua tulifika wanane. Tukangoja, wa tisa akaingia, wa kumi hakutokea. Nikafunga sidur, kitabu cha sala, nikaenda kazini, Kadishi imenikwama kooni. Hata makaburini sikuuhisi uyatima namna ile. Wiki iliyofuata tulitimia, na mzee mmoja mgeni, aliyekaa nyuma yangu, akaitikia "Amen, yehe shme raba mevarakh" (Amen, jina lake kuu na libarikiwe) kwa sauti iliyojaza chumba. Hakumjua Baba. Nililia pale pale.

Siku hiyo niliyaelewa maneno ya Berakhot, kitabu kimoja cha Talmudi, kwamba anayeitikia Amen ni mkubwa kuliko anayebariki. Na katika kitabu kingine cha Talmudi, Shabat, tumesoma kuwa anayeitikia kwa nguvu zake zote hufunguliwa milango ya Gan Eden, bustani ya Edeni. Kwa nguvu zake zote, jamani! Si kuimung'unya midomoni huku macho yanatafuta mlango. Wahenga wetu walikataza Amen ya kunyakuliwa kabla baraka haijaisha, Amen iliyokatwa mkia, na Amen yatima, ya asiyeisikia baraka yenyewe. Sinagogi ya Aleksandria ilikuwa kubwa hata ikabidi wapunge kitambaa ili walio mbali wajue wakati wa kuitikia. Chumba chetu ni kidogo, hazani, anayeongoza sala, akivuta pumzi tunamsikia. Tuna udhuru gani? Ndugu zetu Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, walisali kwa kujificha enzi za Idi Amin. Sisi milango iko wazi, na bado tunaibania sauti!

Wazazi, mtoto akibariki mkate, mwacheni amalize, kisha mwitikieni kama mnavyomwitikia hazani. Naye mfundisheni kuitikia. Rabi Meir alisema mtoto ana fungu katika ulimwengu ujao tangu aanzapo kusema Amen. Basi msimnyamazishe sinagogini akichelewa neno moja nyuma ya watu wazima.

Mungu atujalie mwaka wa afya, riziki na amani, wagonjwa wapone, walio mbali warudi salama.

Kadishi yangu inaisha mwezi wa Heshvan, mara baada ya sikukuu. Asubuhi zimebaki chache. Mwenye kuweza kuamka mapema, tafadhali aje.